Nimekataliwa odisheni, mchumba wangu kapata nafasi, na kila jioni namsomea maneno ya nafasi niliyoikosa

FundiMabatini:

Habari zenu wana jukwaa. Mi ni kijana wa miaka 28 nipo Mabatini hapa Mwanza, kazi yangu kutengeneza simu mjini, nina mchumba wangu tuko pamoja mwaka wa tatu sasa. Naomba mnisome mpaka mwisho kwasababu hili sina wa kumwambia, rafiki zangu wengi mambo ya maigizo wanaona utoto, na nyumbani ndo kabisa.

Tulikutana kwenye maigizo. Kuna kikundi kilikuwa kinaenda sokoni na minadani kuigiza mambo ya afya, yale maigizo ya kusimama katikati ya watu, hakuna steji hakuna spika, watu wanawazunguka na mwenye kikapu anaingilia kati anawajibu. Yeye alikuwa anacheza mama mkwe, mi nilikuwa napiga ngoma pembeni, siku hiyo aliyetakiwa kucheza mwanae hakutokea nikasukumwa mimi. Basi ikawa ndo hivyo. Penzi letu lote liko humo, wenzetu Jumapili wanaenda kula sato ufukweni sisi tunakaa juu ya jiwe nyuma ya kwao tunasomeana tamthilia, nzima, mpaka herufi zinapotea kwa giza, na tukitoka kuangalia onyesho tunarudi kwa miguu tunabishana njia nzima nani kacheza na nani kaharibu.

Sasa likatoka tangazo la usaili. Igizo la wavuvi. Kuna kijana mvuvi wa dagaa baba yake kazama ziwani na ye anakataa kurudi majini, na kuna dada yake mkubwa ndo anayelisha nyumba. Niliposikia hivyo nikasema hii ni yangu. Mi nimezaliwa Igombe, mzee wangu kavua dagaa mpaka magoti yakamkataa, nikiwa na miaka 13 nimekesha kwenye mtumbwi nimeshika karabai enzi hizo taa za sola hazijaenea, najua kwanini mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanalala nyumbani, dagaa hawaifuati taa kukiwa na mwanga kila mahali. Najua mkono unavyokuwa asubuhi baada ya kuvuta wavu usiku kucha, vidole havinyooki, unashika kikombe cha chai kwa viganja viwili. Hayo yote nilienda nayo kwenye usaili.

Tulienda wote wawili. Nikapewa ukurasa mmoja nikasoma, mwongozaji akasema asante, asante sana, akaita mwingine. Siku ya nne mwenzangu akapigiwa simu, kapata dada mkubwa. Mi simu haikuita. Nilikaa nayo siku tatu mkononi, nazima nawasha, natoa laini narudisha, na mi ndo fundi najua kabisa simu haina tatizo lolote. Na hii ni mara ya tatu kukataliwa ndani ya miaka miwili, sio ya kwanza.

Sasa kinachonileta hapa. Kila jioni akitoka mazoezini anapitia kwangu, ananipa skripti nimsomee upande wa pili ili ye akariri wa kwake. Na upande wa pili ni wa yule kaka mvuvi. Yaani maneno yaleyale niliyoyakosa ndo nayashika mkononi kila siku saa moja usiku. Mwanzoni nilikuwa nasoma tu. Wiki ya pili kuna sini kijana anamwambia dada yake hawezi kwenda ziwani, nikajikuta nimesimama, nimeingia mzima, nimevaa uhusika mpaka jasho linanitoka, nilivyomaliza nikaona ananiangalia tu, kaweka skripti chini hajajibu mstari wake. Hakusema kitu, akaaga akaondoka.

Tangu siku hiyo haongelei mazoezi. Nikimuuliza leo ilikuaje anasema kawaida tu. Juzi nikiwa dirishani nikamuona anapanda ngazi za mawe, kabla hajafika mlangoni akasimama, akaitoa skripti mkononi akaiviringisha kwenye kanga akaisukumia chini kabisa ya mkoba, ndo akabisha hodi. Jamani hiyo imeniuma kuliko kukataliwa kwenyewe. Mtu kapata kitu alichokililia miaka yote halafu anakificha kwasababu yangu mimi.

Nimwambie kwamba naumia? Nikimwambia si ndo namharibia furaha iliyobaki? Niache kumsomea au nikiacha ataona nimemnunia? Na siku ya onyesho nitakaaje pale chini namtazama mtu mwingine anamwita "dada" kwa maneno niliyoyashika mimi kichwani yote? Naombeni msaada, hasa mliowahi kuwa na mpenzi wa fani moja.

---

kijana_wa_igoma:

Pole sana kaka. Mi maigizo siyajui, ni mtu wa mpira, nimefanya majaribio timu mbili nikaachwa zote, na rafiki yangu niliyekuwa nalala naye chumba kimoja akachukuliwa. Sina ushauri ila hiyo ya kutoa laini na kurudisha naijua vizuri sana. Niko nafuatilia uzi.

---

DadaWaBagamoyo:

Mdogo wangu pole. Mimi nimesoma Bagamoyo, pale kwenye chuo cha sanaa kilichoanza 1981 ambacho siku hizi ni TaSUBa, na baada ya hapo nimekaa sana upande ule mwingine wa meza, upande wa wanaochagua. Ngoja nikwambie kinachotokea ukishafunga mlango na kutoka, maana nahisi wewe unadhani walibaki wanajadili kipaji chako.

Hatuchagui mtu mmoja mmoja. Tunapanga mafiga. Figa linaweza kuwa zuri, gumu, halipasuki, lakini likiwa refu kuliko mawili yaliyobaki chungu kinamwagika, basi unaliweka pembeni ingawa ndo zuri kuliko yote. Umesema mchumba wako kapewa dada MKUBWA, na wewe ulitaka kucheza mdogo wake. Wewe una 28. Yeye ana ngapi? Mkisimama pamoja mtazamaji wa mstari wa nyuma ataamini kwamba huyu ndo kamlea huyu? Na kuna jingine hujalisema labda hujaliwaza, nyie ni wapenzi. Wapenzi ukiwasimamisha jukwaani kama kaka na dada miili inasema, mkono unakaa kiunoni bila mwenyewe kujua, mnasimama karibu mno, mnapumua pamoja. Mwongozaji mwenye jicho anaona hilo hata kama hajaambiwa kwamba mnapendana. Sisemi ndo sababu, sikuwepo. Nasema kuna sababu kumi ambazo hazihusiani na kwamba ulisoma vibaya.

Niliwahi kumwacha kijana aliyekuwa bora kuliko niliyemchukua. Sauti yake ilikuwa nzito sawasawa na ya aliyekuwa anacheza baba, ukifumba macho hujui nani anaongea, na tulikuwa tunaenda kuonyesha uwanjani, nje, upepo unapiga, watu wa nyuma wanategemea sikio tu. Nikamwacha. Na sikumpigia kumwambia kwanini. Kumwacha sijutii, kutompigia nakujutia mpaka leo naandika hapa.

Lakini nikuulize na lingine, usinichukie. Ulienda na ziwa lote kichwani. Je ulilionyesha, au ulilijua tu? Mtu aliyekulia ndani ya kitu mara nyingi hakionyeshi kwasababu kwake ni cha kawaida, anapita haraka pale ambapo mgeni angesimama. Hivyo vidole visivyonyooka na kikombe cha viganja viwili, umeviandika hapa mimi nimeviona. Pale kwenye usaili uliviweka mwilini? Ukurasa mmoja unatosha kabisa. Na usaili mwingine usiende kutegemea karatasi yao peke yake, kuwa na vipande viwili vyako kichwani, kimoja cha jazba na kimoja cha utulivu. Mimi miaka ile nilijifua na tafsiri za Mwalimu Nyerere za tamthilia za Shakespeare, Mabepari wa Venisi ya 1969, kwasababu Kiswahili chake hakikuruhusu kupayuka, lazima upumue pale alipokuwekea pumzi.

Sasa hiyo ya kumsomea wifi yangu. Anayemshikia mwenzie skripti kazi yake ni kusoma wazi na sawasawa, bila rangi, ili mwenzie akariri maneno asije akakariri na sauti yako. Siku ile ulivyosimama ukacheza, ulimpa kaka mwingine, sio yule anayekutana naye mazoezini. Kesho yake mwili wake ulikuwa unamsubiri kaka wa kwako. Inawezekana kabisa hakuweka skripti chini kwa kukuonea huruma. Inawezekana ulimchanganya. Muulize.

---

MamaMwaloni:

Dada hapo juu kaongea kitaalamu namheshimu, ila mi nasema we kaka ACHA kumsomea, leo hii. Kidonda unakifunga, huendi kila saa moja usiku kukichokonoa halafu unauliza mbona hakiponi. Mtafutie mtoto wa jirani anayejua kusoma, akae hapo ashike karatasi, basi.

Na nakwambia hivi kwasababu limenikuta. Miaka hiyo sijaanza hata biashara ya dagaa nilikuwa kwaya moja na mchumba wangu, wote tunapenda kuimba, akaja mwalimu mgeni akatupima sauti wimbo wa Pasaka, kipande cha peke yako nikapewa mimi ye akarudishwa nyuma na besi. Alinipongeza mbele za watu. Akawa ananibebea daftari la nyimbo, ananisubiri mazoezini mpaka usiku, anatabasamu, kila mtu anasema umepata mwanaume. Miezi minane! Halafu siku moja nimepika ugali ukawa laini kidogo, ugali tu jamani, akafumuka yote pale mezani, Pasaka, mwalimu, nilivyojiona, nilivyosimama mbele, vitu nimeshasahau. Nilikuwa sijui kama nimeishi miezi minane na mtu anayeumia. Nilichukia kuumia kwake kufichwa kuliko maneno aliyosema. Hatukuoana.

Kwahiyo mwambie sasa hivi jeraha likiwa bado dogo, tena kwa maneno machache, "nimefurahi umepata na ninaumia nimekosa, vyote viwili". Usimpe kazi ya kukubembeleza, ana mistari ya kukariri.

---

Mzee wa Kisesa:

Mwangaluka wote. Mwanangu nimesoma habari yako taratibu, mimi sio mtu wa hizi tamthilia za kwenye karatasi lakini nimekulia karibu na Bujora, kule kwenye makumbusho ya Wasukuma, na nimecheza ngoma toka mdogo, kwahiyo kushindwa mbele ya watu nakujua.

Nyie vijana mnaosoma hapa wengine hamjui, sisi Wasukuma ngoma ina pande mbili, Bagika na Bagalu, toka enzi za waanzilishi wake Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, mwezi wa sita, ndo msimu wa kushindana. Na hakuna majaji wa kukaa mezani. Makundi mawili yanacheza wakati uleule, uwanja uleule, hawa huku na wale kule, na watazamaji wanakwenda wanakovutiwa, mwenye watu wengi ndo kashinda. Hebu fikiria unacheza, umemwaga jasho, jembe la bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe, unalirusha juu unalidaka, huku unaona kwa macho yako watu wanageuka mmoja mmoja wanakuacha wanakimbilia upande wa pili. Hakuna cha kusubiri simu. Unakataliwa na uwanja mzima na ngoma bado inalia na hauruhusiwi kusimama.

Sasa nyumbani kwetu baba alikuwa Mgika, mama kwao walikuwa Bagalu, na mama alikuwa mwimbaji hasa. Kuna miaka baba alirudi kashindwa na upande wa mama. Nilikuwa naangalia kwa hofu nikiwa mtoto nikidhani patawaka moto. Baba alikuwa anaingia, hajakaa, hajaomba maji, anasema "leo mmetupiga". Mama anaitika "tumewapiga". Ndo anamletea maji ya kuoga. Halafu usiku nawasikia wanaongea ilikuaje, wimbo gani ulivuta watu, baba anamuuliza mama ule mstari mliutoa wapi. Baba alikuwa halali bila kuuliza ule wimbo.

Wewe umemnyima mwenzio hilo la kwanza. Hujasema "mmenipiga". Ukishasema, ye ndo atapata nafasi ya kuitika, sasa hivi anaitika nini wakati hukusema kitu?

---

MvukajiBusisi:

Mi naongezea kuhusu siku ya onyesho tu maana hapo ndo nilipoharibu. Nilikuwa naenda Mwanza kwenye mazoezi kutokea Sengerema, enzi hizo daraja la Busisi halijafunguliwa, navuka kwa kivuko natoka nyumbani usiku narudi usiku, nikaja kuachwa kwenye mchujo wa mwisho. Nikajilazimisha kwenda siku ya kwanza kabisa ya onyesho kuonyesha kwamba sina kinyongo. Nilikaa mbele. Dakika ya kumi nikatoka, na waliokuwa jukwaani waliniona natoka, mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa karibu sana na mpaka leo hilo halijaisha vizuri kati yetu. Siku ya kwanza sio lazima. Nenda siku ya pili au ya tatu, onyesho likishatulia na wewe umeshatulia, kaa nyuma karibu na mlango. Ila mwambie mapema siku utakayokuja asije akawa anakutafuta kwa macho kwenye viti katikati ya sini.

---

FundiMabatini:

Wabeja sana wote, nimechelewa kurudi kwasababu nilitaka nirudi na kitu cha kusema. DadaWaBagamoyo maneno yako nimeyasoma mara tano, MamaMwaloni na mzee wangu wa Kisesa pia, shikamoo mzee.

Nimemwambia. Juzi, palepale juu ya jiwe, jua linazama kule Bwiru. Sikuzunguka, nilisema nimefurahi umepata na ninaumia nimekosa, kama MamaMwaloni alivyoandika, neno kwa neno maana langu lilikuwa halitoki. Akanyamaza muda. Halafu akasema "mbona umechelewa". Akalia kidogo, na mi pia sifichi.

Ndo nikamuuliza kuhusu siku ile aliyoweka skripti chini. Dada, ulichosema ndicho. Aliniambia nilivyosimama nikasoma vile alisahau kabisa kwamba ana mstari wa kujibu, na kesho yake mazoezini yule kijana alipoongea ye akawa anasikia sauti yangu, akawa anamjibu mtu ambaye hayupo, mwongozaji akasimamisha mazoezi mara tatu akamgombeza mbele ya wenzie. Kwahiyo ile skripti alikuwa anaificha kwenye kanga sio kwa kunihurumia tu, alikuwa anaogopa nikiiona nitasema lete nikusomee na ye hatoweza kukataa. Wiki nzima mi nawaza ananionea huruma, kumbe na ye anabeba la kwake.

Hilo la umri pia. Yeye ana 24. Tulisimama mbele ya kioo cha kabati tukiwa wawili, akasema haya niambie nani kamlea mwenzie, nikanyamaza. Naonekana mkubwa kwake waziwazi na nina ndevu hizi. Sikuwahi hata kuliangalia hilo. Halijafuta maumivu lakini limeyahamisha, nilikuwa nayabeba kifuani kama kipimo cha mimi ni nani, sasa yamekaa mahali pengine.

Na vidole. Hapana dada, sikuviweka. Nilisimama pale nikasoma kama mtu aliyesimama benki. Najua kila kitu cha ziwa na sikuonyesha hata kimoja.

Kumsomea nimeacha. Kuna binti wa jirani yuko kidato cha kwanza, ndo anakuja jioni, anasoma taratibu kidole kiko kwenye mstari, mi nakaa nje kibarazani na simu zangu za watu naendelea na kazi. Nawasikia dirishani. Jioni ya kwanza nilitamani kuondoka kabisa nikazunguke mpaka Makongoro huko, bado inauma jamani siwadanganyi. Ila leo yule binti alifika kwenye neno karabai akalisoma vibaya mara mbili hajui ni kitu gani, nikajikuta namwambia kwa sauti kutokea nje, karabai, ni taa, inafuka juu na inalia ssss usiku kucha mpaka inakuwa kama wimbo. Kukawa kimya ndani. Halafu nikamsikia mwenzangu anamuuliza yule binti arudie huo mstari.

Onyesho linaanza Ijumaa. Ijumaa nitampeleka na bodaboda mpaka getini nitarudi, tumeshaelewana. Jumapili ndo nitakaa, nyuma karibu na mlango kama MvukajiBusisi alivyosema. Likishaisha nitamtafuta yule mwongozaji nimuulize, na akinijibu nitakuja kuandika hapa alichosema.